Nilisema Skeiti, Sio Sketi

Hii ni hotuba ya hoki ya barafu niliongea Jumamosi kwa wazazi na wasichana wetu wa hoki hapa Kisumu. Wale mvua iliwafungia njiani wameniomba niandike, basi nimeandika vile niliongea, nimetoa tu kikohozi na zile dakika maiki ilizima.

Misawa! Aah, hiyo ni sauti ya watu wamekunywa chai na bado wanaangalia mlango soda itaingia saa ngapi. Misawa! Eeh, sasa hapo.

Wazazi wangu, walimu wenzangu, mzee wa mtaa asante kwa kutuazima viti, na nyinyi wasichana mmejibanza huko nyuma mkidhani siwaoni, karibuni. Sitaongea sana. Najua mwalimu akisema hivyo ndio anaanza, lakini kweli leo sitaongea sana.

Wacha niwaambie kitu kilinipata wiki mbili zimepita. Nilipigia mama mmoja simu, yuko hapa, ananiangalia, nikamwambia mama, binti yako anahitaji skeiti. Akanyamaza. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, mwalimu, si nilimnunulia sketi mbili mwanzo wa muhula, ya pili ameipeleka wapi? Mimi naye naendelea tu, namwambia ni muhimu ikae vizuri kwa kisigino, ikiwa kubwa ataumia, yeye ananiuliza sketi inafikaje kwa kisigino na kwani hii shule yenu imekuwa ya masista, tukazunguka hapo mpaka kredo yangu ikaisha. Sasa niseme mbele ya kila mtu. Skeiti ni kiatu. Iko na magurudumu chini, na ile ya barafu haina magurudumu, iko na chuma kama kisu. Sketi mlinunua, asanteni, ziko sawa.

Sasa nikisema hoki ya barafu, ile ya kucheza na stiki mkiteleza na skeiti juu ya barafu, mnacheka, na siwalaumu, maana sisi barafu yetu ni ya samaki. Ukifika ufuo wa Dunga mapema unaikuta imevunjwavunjwa kwa kreti, mbuta amelala juu yake kama mgonjwa wa wodi, jua likipanda kidogo watu wanaanza kukimbizana nayo juu inakuwa maji. Baba mmoja ameniuliza hapo mlangoni, mwalimu, kwani mnangoja ziwa ligande? Nikamwambia baba, hili ziwa likifunikwa na kitu, kitakuwa ni gugumaji tu.

Lakini wazee mnamkumbuka Philip Boit. Kijana wa huku juu Eldoret, mkimbiaji, akaambiwa ajaribu kuteleza kwa theluji, na Februari 1998 akasimama Nagano, Japani, kwa Olimpiki ya baridi, kilomita 10. Akamaliza namba 92, wa mwisho. Na Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alikuwa ameshashinda kitambo, akabaki pale kwa mstari akimngoja, Boit alipofika akamkumbatia, na Boit baadaye akapata mtoto wa kiume akamwita Dæhlie. Mimi hiyo hadithi niliisikia kwa redio ya baba yangu nikiwa bado wa kutumwa maji, na tuliicheka na tukajivunia kwa wakati mmoja, mnajua vile tunafanyaga. Chenye hakuna mtu alituambia ni kwamba Olimpiki ile ile, mwezi ule ule, ndio wanawake walicheza hoki ya barafu kwa Olimpiki mara ya kwanza kabisa. Timu 6. Fainali Marekani wakawapiga Kanada 3 kwa 1. Yaani sisi macho yote yalikuwa kwa kijana wetu kwa theluji, na kando yake mlango wa wasichana ulikuwa unafunguliwa na hatukuuona. Mimi nilikuja kujua nikiwa tayari mwalimu na stiki mkononi.

Hapa kwetu mambo ilianza 2005. Hoteli ya Panari, Nairobi pale Mombasa Road, wakaweka uwanja wa barafu ndani ya jengo, wa kwanza Afrika Mashariki. Ilikuwa ya watu kuteleza wikendi na kupiga picha, lakini watu wakatokea na stiki, wageni wengine na vijana wetu, ndio ikazaliwa hiyo timu mnasikia ya Ice Lions. Miaka yote hawakuwa na timu ingine ya kucheza nayo, walikuwa wanajigawa wenyewe kwa wenyewe, mpaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada ikawapeleka huko wakapata mechi na wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon kwa timu yao, na kwa hii mchezo hao wawili ni kama umwambie kijana wa Kondele leo utacheza na Messi. Halafu 2024 Kenya ikakubaliwa kwa shirikisho la dunia la hoki ya barafu, IIHF. Uwanja bado ni huo mmoja, na ni mdogo, maana uwanja kamili ni mita 60 urefu na upana unafika 30, na wa kwetu haukaribii hapo. Hiyo ndio hali.

Sasa, IIHF wako na vitu viwili vya wasichana ambavyo ndio vimenifanya niite huu mkutano, na naomba hapa msikilize hata wewe uko kwa simu.

Kuna wikendi moja kila Oktoba, tangu 2011, ya wasichana dunia nzima. Sio mashindano. Klabu zinafungua milango, msichana ambaye hajawahi kugusa barafu anavalishwa helmeti, anashikwa mkono, anaanguka, anaamka, anaenda nyumbani. Kwa hivyo mtu akiwaambia mambo ya kimataifa lazima upande ndege, si kweli, hii unaipata ukiwa umepanda basi.

Ya pili mimi ndio napenda zaidi. Wanaiita mechi ya dunia ya wasichana, na timu ni mbili peke yake ulimwengu mzima, buluu na nyeupe. Nchi moja inacheza leo, tuseme buluu 4, nyeupe 3. Hayo magoli hayafutwi. Nchi inayofuata inaanzia hapo hapo kwa 4 na 3, wanagawana wasichana wao buluu na nyeupe, wanacheza, wanaongeza, wanapitisha kwa nchi ingine, inazunguka hivyo mpaka mwisho ndio mnajua nani ameshinda. Akina mama, hii si ni chama? Kila mtu anaweka chake kwa kapu moja, na kapu haliulizi hii mia ni ya nani, ya mwenye duka ama ya mwenye kuuza omena kwa mkebe. Goli la msichana wa Finlandi ambaye alizaliwa akateleza na goli la msichana wa Manyatta ambaye amejua kusimama mwezi uliopita, yote yanahesabiwa moja. Nchi haiulizwi uko namba ngapi duniani, inaulizwa tu uko na wasichana na uko na barafu.

Kuna mashindano makubwa pia, tusidanganyane. Kombe la dunia la wasichana chini ya miaka 18 lilianza 2008 na huwezi cheza kama hujafika 15, na hapo ni nchi zenye wasichana wamekuwa kwa barafu tangu miaka minne. Hapo bado. Olimpiki ya vijana nayo, ile ya Lausanne 2020, waliweka hoki ya watatu kwa watatu ambapo waliwachanganya watoto wa nchi tofauti kwa timu moja, timu zikaitwa majina ya rangi, unapata mtoto haelewi lugha ya mwenzake lakini pasi anaielewa. Hiyo mimi naiwekea jicho, sisemi zaidi.

Mwaka jana tulijaribu. Wasichana 9, mimi, na mama mmoja alikubali kuacha kibanda yake siku mbili, Mungu ambariki. Tulikuwa tumejifunza na magurudumu hapa kwa simiti ya kanisa karibu miezi mitano, stiki zingine ni mbao fundi alitukatia, mpira ni sponji imefungwa na selotepu. Skeiti tulikuwa nazo jozi nne, mbili zilitoka soko la Kibuye Jumapili kwa mitumba, zinapokezanwa, anayetoa anampatia mwenzake zikiwa bado moto. Nikajiambia hawa wako tayari.

Tukafika, tukavalishwa, mlango ukafunguliwa, ile baridi ikatoka na harufu kama ya ndani ya friji ya duka. Wasichana wangu, hawa hawa mnaona wakipiga kelele kwa Jomo Grounds mpaka refa anaziba masikio, wakanyamaza wote. Wakaingia wakashika ukuta kama makanga ameshika mlango wa matatu, kila mtu mikono miwili. Mmoja mdogo akainama, akagusa, akanusa glavu, halafu akailamba. Nikamuuliza unafanya nini? Akaniambia, madam, nilitaka kujua kama ni ya ukweli.

Shida ikawa kusimama, sio kuenda. Kwa magurudumu wamezoea breki iko nyuma kwa kisigino, unainua kidole, unakanyaga. Skeiti ya barafu haina breki. Unageuza miguu yote ubavu kwa mara moja, unakwaruza na kile kisu mpaka barafu inaruka kama sukari, na mwili unaupeleka nyuma kidogo, ukiuogopa huo mteremko wa mwili unaanguka. Ukuta ulisimamisha watu wengi sana siku hiyo. Mimi pia, na mnaona umbo langu, ukuta uliniskia. Lakini saa ya pili wawili walikuwa wameachilia mikono, na saa ya tatu kulikuwa na kitu kinafanana na mchezo.

Na hapo niliona kitu sikuwa nimekifikiria. Tuko na msichana mmoja wa mkono wa kushoto. Nyinyi mliocheza hoki ya nyasi mnajua, stiki iko na upande mmoja bapa, unapiga na huo tu, na ya mkono wa kushoto hairuhusiwi. Kwa hivyo huyu mtoto miaka yote anacheza amejikunja kama mtu anaandika barua ndani ya matatu. Na nyumbani tena, si mnajua, nisalimie na ile ingine, usinipe chakula na hiyo, mkono wake umekuwa wa kufichwa tangu azaliwe. Hoki ya barafu stiki inapiga pande zote mbili na kuna zimepindwa za kushoto, wachezaji wengi wakubwa wanapiga kushoto hata wanaoandika na kulia. Kocha wa pale akamwangalia mara moja, hakusema kitu, akaenda akamletea ya kushoto. Alipiga ile paki, ile raba nyeusi ya duara, nzito kama gramu 160 hivi, ikaenda ikagonga ubao paah, akageuka kuniangalia kama mtoto amevunja kikombe. Anangoja nimgombeze. Nilishindwa kuongea, nikamfanyia tu hivi na mkono, piga tena.

Mama hapo mbele ameinua mkono. Eeh, swali la hatari, nimeulizwa hiyo kila mahali. Visu miguuni, si watakatana? Mama, sitakuficha. Oktoba 2023, Sheffield huko Uingereza, mchezaji mkubwa mwanaume, Adam Johnson, alikatwa shingo na skeiti kwa mechi akafa. Iliuma dunia nzima ya huu mchezo, na tangu hapo kinga ya shingo ni lazima kwa mashindano yote ya IIHF. Sisi hakuna mtoto anaingia bila hiyo na bila ile wavu ya uso, na skeiti hazivaliwi nje ya uwanja hata kama ni picha. Na hoki ya wasichana ile kugongana kwa makusudi, mtu anakuja na bega kukuangusha, ni kosa, unatolewa unaenda kukaa kwa kiboksi dakika 2 timu yako ikibaki na mtu mmoja pungufu. Kuanguka wataanguka. Kwa hoki ya nyasi mpira umeshavunja meno mangapi hapa kwetu na hamkuniita mkutano?

Kuhusu pesa niseme haraka. Huu mchezo haulipi, sijamwambia mtu utalipa karo. Marekani na Kanada ligi ya wanawake ya kulipwa yenye nguvu ilianza Januari 2024 tu, ikiwa na timu 6. Kuna Sarah Nurse, jina tu ndio nesi, mwanamke mweusi wa Kanada, Olimpiki ya Beijing 2022 alipata pointi 18, yaani magoli yake na pasi zake za magoli, ambayo ni rekodi ya mashindano moja, akabeba dhahabu. Wasichana wangu wanamjua kuliko wanavyojua jedwali la kuzidisha, nao walimu wa hesabu wanisamehe. Lakini ni mmoja. Kwa hivyo anayekuja na hesabu ya pesa aende na mimi polepole.

Sasa nifike penye moyo wangu uko. Kila mtu akiniona ananiambia mwalimu, shida ni barafu. Hapana. Barafu iko Nairobi, unalala kwa basi unaamka umefika. Chenye kinakwamisha msichana wa huku ni karatasi.

Miaka mitatu nyuma nilikuwa na msichana wa hoki ya nyasi, kiungo, mguu mwepesi, akachaguliwa kwa safari ya nje. Nikamwambia lete cheti cha kuzaliwa. Kikaja kimekunjwa mara nane, kimetoka chini ya godoro la dani yake, yaani nyanya yake, nikakifungua nikasoma jina. Jina lake la Kijaluo linaanza na A. Kwa cheti imeandikwa O. Nyinyi mnajua, kwetu hiyo herufi moja ndio msichana na mvulana. Karani fulani miaka hiyo alichoka mchana, mkono ukateleza, na mtoto wangu akawa mwanaume kwa serikali, na safari ni ya wasichana! Nikacheka kwanza. Nikadhani ni kitu ya siku mbili. Tukaenda ofisi, sitaitaja, tukaambiwa leteni kadi ya kliniki, kadi ililiwa na panya, leteni barua ya chifu, tukaleta, leteni kiapo, tukaleta, mwenye kusaini ameenda semina, rudini Jumatatu, Jumatatu mtandao uko chini. Dani aliuza kuku wake wawili wa kutaga kwa fea ya kuenda na kurudi. Wiki ya sita marekebisho yakatoka, na safari ilikuwa imeenda siku nne kabla.

Nilienda kumwambia mwenyewe nyumbani. Nilimkuta anaosha sufuria nje. Nikamwambia. Akasema, sawa madam, akaendelea kuosha ile sufuria, na ilikuwa safi kitambo.

Ndio maana leo sitaki mchango. Nataka usiku wa leo uende utoe cheti cha mtoto, popote kiko, usome herufi moja moja, jina, tarehe, jina la mama, halafu ulinganishe na vile ameandikwa shule. Kama hakuna cheti kabisa, tuanze kesho wakati hakuna safari na hakuna presha. Pasipoti ya mtoto inataka hicho cheti na kitambulisho cha mzazi na mzazi mwenyewe akubali, na ofisi ya uhamiaji iko hapa hapa Kisumu, si lazima ulale Nairobi. Baba ambaye hamuongei na mama ya mtoto, na mko wengi hapa msiniangalie hivyo, hiyo vita mtulize kwanza, mtoto asikose saini juu mlikosana 2016.

Na mkipata meseji kwa simu ati mtoto amealikwa Ulaya tuma pesa ya usajili kwa hii namba, msitume. Nilipata yenyewe, iko na nembo na kila kitu, ilikuwa wizi. Mwaliko wa kweli unapitia kwa timu, na mnaitwa mnaonyeshwa wote. Na sheria yangu ingine haina mjadala: msichana hasafiri na mwanaume peke yake, awe kocha, awe mfadhili, awe ni mchungaji. Mama mmoja lazima awe kwa hiyo basi. Na pedi tunabeba kwa begi ya timu, hakuna mtoto atakaa nyumbani juu ya siku zake, baba zangu mkitaka kuangalia chini angalieni lakini nimesema.

Nimemaliza. Soda iko njiani, nimeona pikipiki. Wasichana, msikimbie, tokeni hapa mbele mvue viatu, kuna katoni nimekata na kalamu ya wino, kila mtu akanyage achorwe mguu wa kulia na wa kushoto, juu hiyo miguu yenu haifanani na nilidanganywa mwaka jana na mtu akasema namba 5. Andika jina lako juu, vile iko kwa cheti. Mwenye soksi iko na shimo aje tu, yangu pia iko nalo.